Kuezeka na Kuezua: Ujenzi, Msamiati na Historia ya Nyumba ya Makuti Bara ya Mombasa

1. Utangulizi

Wataalamu walioandika juu ya nyumba ya Waswahili wameelekeza macho yao zaidi kwenye nyumba ya mawe. Usam Ghaidan, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya mji wa Lamu, na James de Vere Allen, katika makala yake ya mwaka 1979, wametufafanulia daka, kiwanda, misana na ndani, kila chumba kwa jina lake na kwa maana yake katika maisha ya wenyewe. Nyumba ya miti, udongo na makuti haikupata bahati hiyo. Aghalabu hutajwa kwa sentensi moja au mbili kama makazi ya wasiojiweza, kisha mwandishi akaendelea na safari yake.

Makala haya yanakusudia kuitazama nyumba hiyo kama ilivyojengwa, na kama ingali ikijengwa hapa na pale, katika bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Hoja yetu ni moja. Nyumba ya makuti ni jengo la kufungwa na kufunguliwa. Sifa hiyo imo katika kiunzi chake, imo katika vitenzi vya mafundi wake, na ndiyo iliyoiwezesha kudumu juu ya ardhi ambayo mara nyingi si ya mwenye nyumba. Anayetaka kuyakusanya maneno yake hana budi kuyajua mambo yote matatu kwa pamoja.

2. Nyumba iliyotangulia

Yafaa kwanza tuondoe dhana kwamba nyumba ya makuti ni mwigo hafifu wa nyumba ya mawe. Ushahidi tulio nao wathibitisha kinyume chake. Katika mji wa kale wa Shanga, kisiwani Pate, uchimbuaji ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba tabaka za chini kabisa, za karne ya 8, zilikuwa za majengo ya miti na udongo. Majengo ya mawe yalikuja juu yake baadaye. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliikuta Mombasa ina misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na Kilwa nayo aliieleza kuwa ni mji wa nyumba za miti zilizoezekwa. Tena alisema kwamba watu wa Mombasa hawakuwa na kilimo kisiwani, na nafaka yao ililetwa kutoka nchi ya pwani. Tangu hapo basi, kisiwa kililishwa na bara.

Lugha nayo inatoa ushahidi wake. Tukiyapanga maneno ya ujenzi katika mafungu mawili, twaona kwamba nyumba, nguzo, ukuta, paa, mlango, ua na jiko ni maneno ya Kibantu. Kwa upande wa pili, dirisha na saruji yana asili ya Kiajemi, na sakafu na msumari yana asili ya Kiarabu. Neno sakafu lina funzo la pekee. Katika Kiarabu saqf ni dari au paa. Katika nyumba ya mawe ya pwani, dari ya boriti iliyomwagiwa chokaa na kokoto ilikuwa papo hapo mahali pa kukanyaga kwa wakaao juu. Ndipo neno la paa likawa neno la chini ya miguu. Mabadiliko hayo ya maana yasingaliweza kutokea katika nyumba ya makuti, ambayo haina mtu atembeaye juu ya paa lake.

Kamusi za zamani zatuonyesha pia tofauti ambayo Kiswahili cha leo kimekaribia kuisahau. Kujenga kulikuwa hasa kujenga kwa miti. Kujenga kwa mawe na chokaa kulikuwa kuaka, na mtendaji wake ni mwashi. Leo tunasema kujenga kwa vyote viwili, na kuaka kumebaki katika uashi na mwashi tu. Kitenzi cha nyumba ya miti ndicho kilichotawala lugha nzima.

3. Kiunzi

Miti ya nyumba hii hutoka katika mikoko ya hori za Mombasa: Tudor, Port Reitz, na Mtwapa upande wa kaskazini. Jina mkoko hutumiwa kwa jumla, lakini mkata miti huutenga mkoko wenyewe na mkandaa, muia, mchu na mkomafi, kwa kuwa kila mmoja una uzito wake na uvumilivu wake kwa mchwa na maji. Wafanyabiashara wa miti huipanga kwa unene, nao huiuza kwa kori, yaani miti ishirini ishirini. Iliyo myembamba kabisa, isiyofikia sentimita 4, ni fito. Hufuata pau, kisha mazio, kisha boriti, ambayo unene wake ni wa sentimita 11.5 hadi 14 hivi, kisha nguzo. Fasili isemayo tu kwamba kila moja ya hizi ni "mti wa kujengea" haimsaidii msomaji, kwa sababu maana yake hasa imo katika nafasi yake kwenye mfululizo huo. Boriti ni boriti kwa kuwa imepita mazio na haijawa nguzo.

Kazi huanza kwa kukipima kiwanja kwa kamba na kuchimba mashimo. Nguzo za pembeni na za kuta husimikwa, na zile za kati, zilizo ndefu zaidi, husimikwa ili zibebe mwamba, yaani mti wa kilele cha paa. Juu ya nguzo za ukuta hulazwa mtambaapanya, mti ambao jina lake lamtaja mpita njia wake wa kila usiku. Kutoka mwamba mpaka mtambaapanya hushuka makombamoyo, na juu ya makombamoyo hufungwa fito za ulalo za kushikia makuti. Kuta nazo hufungwa fito ndani na nje, pakabaki nafasi ya kutiwa mawe na udongo. Kifungio ni kamba, si msumari.

Hapa pana jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulistaajabia: paa hutangulia ukuta. Kiunzi kikiisha kusimama, nyumba huezekwa kwanza. Ndipo, chini ya kivuli na bila kuhofia mvua, udongo hukandwa, hujazwa baina ya fito pamoja na vipande vya mawe, na ukuta hukandikwa. Maana yake ni kwamba ukuta wa nyumba hii haubebi kitu. Mzigo wote wa paa uko juu ya miti. Ukuta ni wa kusitiri na kuzuia upepo, nao waweza kupasuka, kumomonyoka na kukandikwa upya bila ya paa kutikisika. Methali "usipoziba ufa utajenga ukuta" hupata uzito wake kamili mtu akiuona ukuta wa namna hii, ambapo kuziba ni kazi ya konzi chache za udongo, na kujenga upya ni kazi ya siku kadhaa.

4. Paa

Makuti yenyewe si ya aina moja. Kuti la kumba ni la kusukwa zima, nalo hufaa kwa ua na vizuizi. Kuti la viungo ndilo la kuezekea: majani ya mnazi hukunjwa juu ya ufito na kushonewa hapo moja baada ya jingine. Mwezekaji huanza chini kwenye upenu na kupanda kuelekea kileleni, kila safu ikiifunika ya chini yake. Safu zikikaribiana, paa huwa zito na hudumu. Zikiachana, makuti machache hutosha lakini mvua za masika hazitakawia kuonyesha kosa. Kwa hiyo mtu husifiwa au hulaumiwa kwa jinsi alivyoezeka, na si kwa wingi wa makuti aliyonunua.

Paa la kawaida lina pande nne. Pande mbili kubwa ni za mbele na za nyuma. Mbili ndogo za ubavuni ni visusi. Visusi aghalabu huingia chini ya mapaa makubwa, na katika pembe hizo hubaki uwazi ambao hewa na moshi hupitia. Baina ya kichwa cha ukuta na paa pia huachwa nafasi. Hii ndiyo sababu nyumba isiyo na madirisha makubwa huweza kuwa na ubaridi mchana: joto hupanda na kutoka juu, na upepo wa kaskazi au wa kusi huingia chini ya upenu. Moshi wa jikoni nao huyakausha makuti na kuwafukuza wadudu. Adui mkubwa wa paa hili ni moto.

Makuti hayadumu sana. Kila baada ya miaka michache paa huezuliwa, yaani makuti yaliyooza huondolewa, nalo huezekwa upya juu ya makombamoyo yale yale. Tazama basi jozi za vitenzi vya kazi hii: kuezeka na kuezua, kufunga na kufungua, kuchomeka na kuchomoa, kufukia na kufukua, kuziba na kuzibua. Karibu kila tendo la ujenzi lina tendo la kulitangua, nalo limeundwa kwa kiambishi kile kile cha utenduzi, -u- au -o-. Mwashi hana jozi hizo. Kuaka hakuna kuakua. Ukuta wa mawe hubomolewa, na kilichobomolewa ni kifusi. Hatusemi kwamba sarufi iliumbwa na nyumba. Twasema kwamba msamiati wa nyumba hii wachukulia kuwa kilichofungwa kitafunguliwa siku moja, na vipande vyake vitatumika tena.

5. Mpango wa ndani na maneno yaliyotoka nyumbani

Wenyeji wa bara hawakuwa na nyumba ya namna moja tangu zamani. Mataifa matatu ya Mombasa, yaani Thelatha Taifa za Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, yana mashamba na makao ya kale upande wa bara, na Changamwe ya leo yabeba jina la taifa mojawapo. Majirani zao ni Wamijikenda: Wadigo wa Likoni, Waduruma wa upande wa magharibi, Wagiriama na Wachonyi wa Kisauni. Nyumba ya zamani ya Wamijikenda ilikuwa ya nyasi, zilizoshuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Baadaye wengi walichukua umbo la pembe nne na paa la makuti, lakini walihifadhi mambo yao ndani yake, kama vile dari ya kuwekea nafaka juu ya jiko, ambayo kwa Kigiriama ni lutsaga na kwa Kiswahili ni uchaga. Jozi hiyo ya maneno ni mfano mzuri kwa mwanafunzi wa fonolojia, kwa kuwa yaonyesha ulingano wa ts na ch, pamoja na kiambishi lu- kilichobaki huku na kupungua kuwa u- kule.

Tena Kisauni ilipokea watu wa mbali. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa baharini, watu waliotoka makabila mengi ya bara ya mbali na wakawa na Kiswahili kama lugha yao ya pamoja.

Umbo la nyumba lililoenea mahali hapa pote linajulikana vyema. Mbele kuna baraza, ambapo wanaume huketi na wageni hupokewa. Mlango una miimo miwili na kizingiti. Ndani kuna ukumbi upitao katikati mpaka nyuma, na vyumba huku na huku. Nyuma ni uani, penye jiko, choo na kazi za wanawake. Mpango huu huruhusu chumba kimoja kupangishwa bila ya kuivunja nyumba, na ndio uliowafaa sana wenye nyumba wakati wafanyakazi wa reli na wa bandari walipoanza kumiminika.

Sehemu hizi za nyumba zimetupa maneno ambayo leo twayatumia bila ya kukumbuka udongo wake. Baraza limekuwa baraza la mawaziri. Mihimili imekuwa mihimili ya dola. Kizingiti ni kikwazo cha aina yoyote. Mlango katika baadhi ya koo za pwani ni tawi la ukoo, na katika tafsiri za zamani za Biblia ni sura ya kitabu. Nasi wenyewe, katika idara za lugha, huwataka wanafunzi watuonyeshe kiunzi cha nadharia kabla ya kuanza utafiti. Ni ajabu kidogo kumtaka mwanafunzi kiunzi ikiwa hajapata kuelezwa kiunzi kilikuwa kitu gani kwa fundi.

6. Nyumba na kiwanja

Tumefika kwenye jambo lenye uzito zaidi. Katika bara ya Mombasa si ajabu kusikia kwamba fulani ana nyumba na hana ardhi. Usemi huu waweza kuonekana kama mkanganyo kwa aliyefundishwa sheria ya Kiingereza, ambayo msingi wake ni kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Lakini katika desturi za pwani, na katika sheria ya Kiislamu ilivyotumika hapa, minazi ni mali, nyumba ni mali, na ardhi ni mali nyingine. Watu watatu mbalimbali waweza kuvimiliki.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Mwaka 1895 ukanda wa maili kumi wa pwani uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar, ambaye enzi yake ilitambuliwa mpaka mwaka 1963. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi, ambayo ilimtaka kila mwenye dai alilete lithibitishwe. Waliokuwa na vyeti, mashahidi na fedha walipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi wa waliokuwa watumwa, na wengi wa Wamijikenda waliolima kwa desturi, hawakupata hati. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya mabadiliko haya, ameonyesha jinsi watumwa wa jana walivyogeuka kuwa maskwota wa mashamba yale yale.

Hata hivyo sheria hiyo hiyo haikuifuta desturi. Iliweza kuzitambua nyumba na minazi kuwa ni mali iliyo mbali na ardhi. Hivyo ukajengeka utaratibu wa watu wanne: mwenye shamba, anayepokea kodi ya kiwanja, mwenye nyumba, anayeilipa, mpangaji, anayelipa kodi ya chumba, na pengine mwenye minazi. Mwenye shamba aghalabu alikataza jengo la kudumu. Udongo na makuti viliruhusiwa. Mawe na saruji vilikatazwa, kwa kuwa jengo la mawe ni dai la milele. Richard Stren, katika uchunguzi wake wa mwaka 1978 juu ya makazi ya watu wa kipato kidogo Mombasa, alieleza jinsi nyumba za namna hii zilivyobeba sehemu kubwa ya makazi ya mji.

Sasa yaonekana kwa nini tulisisitiza kwamba nyumba hii ni ya kufungwa na kufunguliwa. Mwenye nyumba akiambiwa ahame, chake ni kile kinachofunguka: mlango, boriti, makombamoyo, fito. Udongo wa ukuta ulichimbwa papo hapo, nao hurudi kuwa ardhi ya mwenyewe. Mpaka wa haki ulipita katika fundo la kamba. Kudumu kwa makuti katika mitaa hii kusiitwe basi ushamba, wala kusiitwe umaskini peke yake. Kulikuwa pia jibu la busara kwa hali ya umiliki. Mtu hajengi kwa mawe juu ya neno la mtu mwingine.

Jambo hili halijawa historia tu. Sheria ya mwaka 1908 ilifutwa na sheria mpya ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012. Mwezi wa Januari 2016 serikali ilitoa hati kwa wakaaji wa shamba la ekari 930 huko Likoni baada ya mgogoro wa miaka mingi. Lakini wako wengi katika bara ya Mombasa ambao wangali wakimiliki kuta na paa bila ya ardhi iliyo chini yake, na wanapofika mbele ya afisa wa ardhi hukosa neno moja la Kiswahili sanifu la kuieleza hali yao. Husema "nyumba bila ardhi", na maneno hayo matatu husikika kama malalamiko, hali katika lugha ya mtaani ni jina la haki.

7. Mabadiliko

Mambo kadhaa yameisukuma nyumba ya makuti pembeni. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931 na daraja jipya mwaka 1980, na Kisauni ikawa kitongoji cha mji. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, kaskazini tu mwa Kisauni, na matofali ya saruji yakawa karibu na kila mtu. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza Changamwe mwaka 1963. Mikoko ilipungua, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti yake nje ya nchi. Bati likachukua nafasi ya makuti, kwanza juu ya kuta zile zile za udongo.

Bati lilipopanda, maneno yalishuka. Bati hupigiliwa, haliezekwi kwa safu, halina viungo. Kijana aliyelelewa chini ya bati hana haja ya kujua kisusi ni nini. Wakati huo huo makuti yamepanda hadhi kwingine: hoteli za ufukwe wa Nyali na Bamburi huyatumia kwa fahari juu ya kumbi zao za kulia, na neno makuti limeingia katika Kiingereza cha watalii. Paa limehamia kwa wenye ardhi, na walioliunda wamebaki na bati.

8. Kazi iliyo mbele yetu

Mkutano wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa. Tangu hapo kamusi zetu, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 mpaka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na zilizofuata, zimetegemea zaidi upande huo. Hilo halina lawama, lakini laacha kazi. Msamiati wa nyumba ya makuti ukusanywe kwa mafundi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wangali hai, kwa Kimvita na kwa lahaja za Kimijikenda kwa pamoja.

Ukusanyaji huo ufuate masharti matatu. Kwanza, neno liandikwe pamoja na kitu chenyewe: unene wake, mahali pake katika kiunzi, na kifungo chake. Pili, vitenzi vikusanywe pamoja na vitenduzi vyake, kwa kuwa orodha ya majina peke yake haitatuonyesha jinsi nyumba ilivyofikiriwa. Tatu, maneno ya haki, kama kiwanja, kodi ya kiwanja na mwenye nyumba, yasitengwe na maneno ya ujenzi, maana kwa watumiaji wake ni fungu moja. Mwanasheria atakayetunga sheria ya ardhi kwa Kiswahili siku moja atayahitaji maneno hayo kuliko sisi tunavyoyahitaji, naye atatuuliza tuliyaweka wapi.